Kuwapiga Picha Ndege wa Porini: Taabu Zake na Raha Zake



Jamaa zangu hapa Maskati wana swali moja wasilochoka kuniuliza: mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, tena mwalimu wa chuo, unafuata nini matopeni alfajiri ya Ijumaa na kamera shingoni? Wengine husema waziwazi kwamba hiyo ni kazi ya watoto, au ya Wazungu waliokosa la kufanya. Basi leo nitajaribu kueleza, maana nadhani humu mna mambo yanayotuhusu sisi Waswahili kuliko tunavyodhani.

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa ndege. Shahada yangu ya uzamivu, niliyoipata Uingereza, ni ya isimu. Hii ni hobi tu. Lakini hobi nayo ina elimu yake.

Ndege ninayemfuata zaidi ni yule ambaye wanasayansi humwita Dromas ardeola. Ni mweupe pepe, mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene uliotengenezwa hasa kwa ajili ya kuvunja kaa. Katika familia yake yuko peke yake, hana ndugu wa karibu. Ajabu yake nyingine ni kwamba huchimba shimo mchangani, jike akataga humo yai moja tu jeupe, na joto la mchanga likasaidia kulilea. Huzaliana kwenye pwani na visiwa vya Arabuni na jirani zake, Oman ikiwemo. Ukimaliza msimu wa kuzaa, wengi huvuka kwenda pwani ya Afrika Mashariki: utawaona kwenye hori la Mida karibu na Watamu, na pia kwenye delta ya Rufiji. Wengine hubaki hapahapa Oman, hasa Barr al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah, ambako wakati wa baridi hukusanyika zaidi ya ndege laki 5 wa pwani wa kila aina. Yaani ni ndege wa huku na kule, kama walivyo wengi wetu.

Sasa tuje kwenye taabu.

Taabu ya kwanza ni umbali. Ndege wa porini hakuamini. Watu wengi hufikiri dawa yake ni pesa: ununue lenzi ya milimita 600, ambayo ile ya daraja la juu hupita dola 10,000, mambo yaishe. Hayaishi. Lenzi ndefu inakuza ndege, lakini inakuza pia kila kilichoko katikati yenu: vumbi, unyevu na joto. Hapa Oman, saa mbili au tatu hivi baada ya jua kuchomoza, ardhi huanza kutoa mazigazi, na ndege aliye mbali huonekana kama yumo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Hakuna lenzi wala programu ya kompyuta itakayoponya hilo. Dawa ni mbili tu: kuwahi alfajiri, na kuwa karibu. Na kuwa karibu hakununuliwi dukani.

Taabu ya pili ni mwanga. Kamera haijui kama unapiga ndege. Yenyewe inapima mwanga wote na kuutafutia wastani. Ndege mweupe akisimama kwenye tope jeusi, kamera huona giza, ikaongeza mwanga, na manyoya yake yote yakaungua yakawa kama karatasi tupu. Hapo ni juu yako kupunguza mwanga, pengine mpaka nusu. Kwa kunguru mambo ni kinyume: mweusi juu ya mbingu nyeupe, usipoongeza mwanga utapata kivuli kisicho na macho. Kwa anayeanza, namshauri aanze na kunguru huyohuyo, yule wa Kihindi aliyepelekwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye hapa Maskati amejaa tele. Hana gharama, haogopi watu sana, na atakufundisha nusu ya kazi. Kwa ndege anayeruka, weka kasi ya sekunde 1/2000 au zaidi. Kamera za siku hizi, tangu kama 2020 na 2021, zina uwezo wa kulitafuta jicho la ndege zenyewe. Zimepunguza kazi, nakiri, lakini hazikwambii ndege atakuwa wapi.

Na hapo ndipo ilipo siri ya ndege wa pwani: ni maji. Maji yakipwa Barr al Hikman, fungu huwa wazi kwa kilomita kadhaa, na ndege wako huko mbali, nukta tu. Maji yakianza kujaa, yanawasukuma kidogo kidogo kuja ufukweni. Kwa hiyo mpiga picha mwenye akili hawafuati. Anaangalia mwezi, anajua lini ni bamvua na lini maji ni mafu, anatangulia kukaa kabla ya maji, analala kifudifudi au anabaki ndani ya gari (ndege huliogopa gari lililosimama kidogo kuliko mtu anayetembea), kisha anangoja waletwe na maji. Wavuvi wetu walikuwa na elimu hii yote, na msamiati wake wote, kabla kamera haijazuliwa. Tahadhari moja tu: ardhi ya chumvi ya huko juu ni kavu, chini ni uji. Usiende na gari moja.

Taabu ya tatu ndiyo nzito, nayo imo ndani yetu wenyewe. Ni tamaa ya picha. Nimewaona watu, hata wasomi wazima, wakipiga honi au kukimbilia kundi ili liruke, wapate ile picha ya mabawa elfu moja angani. Kijana mmoja nilipomkataza aliniuliza kwa adabu kabisa, "Lakini ami, si watarudi tu?"

Ndiyo, watarudi. Lakini tufanye hesabu. Ndege hawa wengi hula kwa saa za maji, si kwa saa zetu. Wakati maji yamepwa wanakula, yakijaa wanasimama kupumzika kwenye ardhi ndogo iliyobaki. Kabla ya safari wanatakiwa wajaze mafuta mwilini, na mafuta hayo ndiyo petroli yao. Kila unapowarusha unawachomea petroli, na muda wa kula unawapunguzia. Wakati wa maji makuu ni vibaya zaidi, maana hawana pa kwenda. Ukiwarusha mara moja pengine si kitu, lakini wewe si wa mwisho siku hiyo: atakuja mwingine na honi yake, na baada yake mbwa. Na kwenye mashimo ya kuzalia, mguu mmoja wa mtu unatosha kuporomosha mchanga juu ya yai au kinda. Hapo usiende kabisa, hata picha iwe nzuri namna gani.

Basi mimi nina kanuni moja rahisi. Ndege anapokula ananiruhusu. Akiacha kula akainua shingo, nimefika mwisho. Shingo zote zikiinuka, nimeshapita mwisho, narudi nyuma taratibu. Picha bora nilizonazo zote ni za ndege aliyekuwa na shughuli zake, akaja mwenyewe. Na ukitazama picha kwa makini, utaijua ya ndege aliyefukuzwa: utaona mgongo na mkia.

Na raha? Raha ya kwanza ni kule kukaa. Saa mbili bila simu, bila mkutano wa idara, unatazama kaa akitoka shimoni na ndege akimsubiri. Raha ya pili ni kwamba picha yako, ukiiandikia tarehe na mahali, inakuwa ushahidi. Kuna hifadhi kama eBird, inayoendeshwa na chuo cha Cornell tangu 2002, ambamo picha ya mtu wa kawaida inaweza kuthibitisha kwamba ndege fulani alikuwa mahali fulani. Ukibahatika kupiga mguu wenye pete ya namba, umewapa watafiti kipande cha safari yake.

Raha ya tatu ndiyo yangu mimi mtu wa lugha. Fungua kamusi zetu utafute kitwitwi, sululu, membe. Mara nyingi utaambiwa "aina ya ndege wa pwani", basi. Ndege gani? Mkusanyaji aliandika jina, lakini ndege alikuwa ameshaondoka. Leo ninapokwenda likizo Mombasa na Lamu nabeba picha zangu kwenye simu, nakaa na wavuvi wazee, nawaonyesha moja moja na kuuliza: huyu mnamwitaje? Aa, hapo utafurahi! Wawili wa kijiji kimoja watabishana, wa tatu ataeleza tofauti ya mdomo, wa nne atakuigizia sauti. Ubishi ule ni data ambayo hakuna kamusi iliyowahi kuiandika. Lakini unahitaji picha iliyo wazi, yenye mdomo, miguu na ubavu, si mgongo na mkia.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mkienda nyumbani, hata na kamera ya kawaida, pigeni ndege wa pwani yenu kwa upole, muwaulize wazee majina, muandike kijiji na tarehe. Huyu wangu wa kaa nimeshapewa majina manne yanayopingana, na ningependa kusikia la kwenu.

Wasalaam.