Kabla ya Kumpiga Mtu Kalamu

Mwaka 2012 shirika la ndege la Kenya Airways liliwaachisha kazi wafanyakazi 447 kwa mpigo, likilalamikia hali mbaya ya biashara. Baadaye mahakama iliamuru warudishwe. Julai 2014 Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo: shida za fedha zilikuwa za kweli, ila mashauriano na wafanyakazi hayakutosha.

Kesi hiyo ingali somo kwa waajiri wa wadi ya Airport, Changamwe, wenye kampuni za ulinzi, usafi na mizigo pembezoni mwa Uwanja wa Ndege wa Moi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mambo mawili, sababu ya haki na utaratibu wa haki, na wengi hulikumbuka la kwanza tu.

Tuseme mpakiaji amefumaniwa akitoka ghalani na mzigo wa mteja. Msimamizi, kwa hasira, anataka amfukuze palepale langoni. Kifungu cha 41 hakimruhusu, kosa liwe zito namna gani. Mtuhumiwa lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na wote wawili wasikilizwe kabla ya uamuzi. Ikibidi, asimamishwe kwanza uchunguzi ufanywe. Barua ya tuhuma, utetezi wake na kumbukumbu za kikao viwekwe kwenye faili, kwa kuwa kortini ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha sababu. Na barua tatu za onyo zilizoandikwa asubuhi moja hazimdanganyi jaji.

Mimba si sababu. Kujiunga na chama cha wafanyakazi pia si sababu.

Kazi ikipungua, afisa wa leba na chama hupewa notisi ya angalau mwezi mmoja. Wa kuondoka huchaguliwa kwa kuangalia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wao kazini, wala si kwa chuki za meneja. Kila mmoja hulipwa likizo aliyobakiza, na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza.

Anayekiuka utaratibu anaweza kuamriwa kulipa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Mfanyakazi ana miaka mitatu ya kwenda kortini, kwa hiyo faili lake lisitupwe siku anayokabidhi sare.