Je, Wajua? Macho, Masikio au Mikono?

Wengi huamini kila mwanafunzi ana njia yake: huyu hushika kwa kuona, yule kwa kusikia, mwingine kwa kutenda. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walipitia tafiti zilizopo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba kufundishwa kwa mtindo uupendao huongeza ufaulu.

Kinachosaidia zaidi ni kujihoji. Ukitembelea Chumba cha Watumwa cha Mangapwani, Unguja, kesho yake funga daftari, kichore, kisha mweleze mwenzako kwa nini watumwa walifichwa humo baada ya marufuku ya biashara ya watumwa ya 1873. Rudia baada ya wiki.

Watoto wa chuoni wanaohifadhi Kurani na kusikilizwa bila msahafu wanaijua njia hiyo. Itumie na skuli.