Mfumo Endeshi wa Kompyuta (2): Kiini ni cha Nani?

Wiki iliyopita tulieleza kazi ya mfumo endeshi: kusimamia kumbukumbu, diski na prosesa ili programu nyingi zitumie mashine moja bila kugombana. Ukibonyeza herufi moja, kibodi huikatiza prosesa. Kiini cha mfumo huipokea ishara hiyo, huikabidhi programu unayoandikia, kisha prosesa hurudi ilipoishia, na kidole chako bado hakijainuka. Leo tuzitazame aina za mifumo endeshi. Wengi huzigawa kwa nembo: Windows, macOS, Android. Mimi naona mgawanyo huo unaficha lililo kubwa zaidi, yaani nani ana ruhusa ya kukifungua kiini na kukirekebisha.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. AT&T, kampuni mama, ilikuwa imezuiwa kisheria tangu 1956 kufanya biashara ya kompyuta, hivyo ikawapa wanavyuo mfumo huo pamoja na msimbo wake. Wakausoma, wakauchokonoa, wakauboresha. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikatoa toleo lake, BSD, ambalo macOS na iOS zimerithi mengi kwake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliandika kiini kipya kinachofuata tabia za Unix, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kukisoma, kukibadili na kukigawa. Hicho ndicho Linux, na ndicho kilichomo ndani ya simu za Android. Windows ina ukoo wake, na msimbo wake ni mali ya Microsoft.

Wapo watakaosema mtumiaji wa kawaida anataka kuandika barua tu, kiini hakimhusu. Kinamhusu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Mashine nzima kabisa ikahesabiwa imepitwa na wakati kwa uamuzi wa mwenye msimbo. Mashine hiyohiyo ukiiwekea Debian, mfumo uliojengwa juu ya Linux, bila malipo, inaendelea kupata viraka vya usalama. Wengine husema msimbo ulio wazi unawarahisishia wahalifu. Lakini programu hasidi ya WannaCry, Mei 2017, ilishambulia Windows, yenye msimbo uliofichwa. Kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi, ila kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Hoja nzito zaidi inatoka kwa Android yenyewe: kiini chake ki wazi, lakini watengenezaji wengi huzifunga simu na kuacha kutuma masasisho baada ya miaka michache, hata uhuru ulioandikwa kwenye leseni usimfikie mwenye simu. Kufuli hilo tutalichambua wiki ijayo.