Odi: Bei Iliyojificha Ndani ya Mkeka

Odi ni bei ya tokeo la mchezo. Kampuni ya kubashiri huipanga kabla ya mechi, na anayeweka dau huwa amekubali kununua kwa bei hiyo. Tanzania na Kenya odi huandikwa zaidi kwa desimali, na malipo yake hupatikana kwa kuzidisha dau kwa odi. Aliyeweka shilingi 1,000 kwa odi ya 2.10 hulipwa shilingi 2,100 timu yake ikishinda. Lakini ndani ya fedha hizo mna shilingi 1,000 zake mwenyewe, hivyo faida ni 1,100 tu. Wengi huisahau tofauti hiyo, hasa kwenye odi ndogo zinazoitwa za uhakika. Odi ya 1.10 huleta faida ya shilingi 100 kwa dau la 1,000. Mtu akikosea mara moja, itambidi apatie mara kumi ili arudi alipokuwa.

Uingereza odi huandikwa pia kwa sehemu, na sehemu hiyo huonyesha faida peke yake, bila dau. Kabla ya msimu wa 2015/16, Leicester City walipewa 5,000 kwa 1 kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya nchi hiyo. Pauni 10 zilikuwa na faida ya pauni 50,000. Mei 2016 Leicester wakawa mabingwa chini ya kocha Claudio Ranieri, ingawa baadhi ya waliowabashiria walikuwa wameshawauzia wapokea dau tiketi zao mapema kwa fedha pungufu. Marekani hutumia alama: +150 ni faida ya dola 150 kwa dau la dola 100, na -200 maana yake ni kuweka dola 200 ili kupata faida ya 100.

Vyovyote inavyoandikwa, odi hubeba kadirio la uwezekano. Ukigawanya 100 kwa odi ya desimali, unapata asilimia ambayo bei hiyo inaidai. Chukua mfano wa mechi ya Simba na Yanga iliyowekewa odi ya 2.10 kwa ushindi wa Simba, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa ushindi wa Yanga. Asilimia zake ni 47.6, 31.3 na 29.4. Jumla ni 108.3, wakati matokeo yote ya mechi moja hayawezi kuzidi asilimia 100. Hizo nane za ziada si kosa la hesabu. Ndizo faida ya kampuni, na hazionyeshwi popote kwenye mkeka, yaani tiketi ya kubashiri. Kwa bei hizo, kampuni ikipokea madau yaliyogawanyika kwa uwiano wa asilimia hizo, katika kila shilingi 100 hurudisha takriban 92, haidhuru nani ameshinda. Mgawanyo wa madau ukiegemea upande mmoja, au mshambuliaji akiumia mazoezini, odi husogezwa.

Faida ya kampuni huongezeka kwenye mkeka wa mechi nyingi, kwa sababu odi zote huzidishwa. Mechi tano zenye odi ya 1.50 kila moja hutoa odi ya 7.59, yaani shilingi 1,000 zinakuwa kama 7,594. Kiasi hicho kinavutia. Lakini hata kama kila timu kati ya hizo ina nafasi ya kweli ya asilimia 62 kushinda, nafasi ya zote tano kushinda pamoja ni kama asilimia 9. Mtu akiweka mikeka 100 ya aina hiyo atatumia shilingi 100,000, na akipata mikeka tisa atalipwa takriban 68,000. Mingine 91 itakuwa imechanika, kadhaa kati yake kwa mechi moja tu, ndiyo maana msemo wa kubakiza timu moja unasikika kila Jumatatu vijiweni. Kubakiza timu moja si dalili kwamba ushindi umekaribia. Ni jambo linalotokea mara kwa mara kwa asili ya hesabu yenyewe.

Kodi nayo hupunguza kinachofika mkononi. Tanzania na Kenya zimekuwa zikitoza fedha zinazopita kwenye michezo hii, na viwango hubadilika kwa sheria za fedha za kila mwaka, kwa hiyo kiasi kilichoandikwa kwenye mkeka si lazima kiwe ndicho kitakachoingia kwenye simu. Anayetaka kujua bei halisi aanze kwa kugawanya 100 kwa kila odi ya mechi, ajumlishe, kisha aone jumla imepita 100 kwa kiasi gani. Kwa bei kama zile za mfano wa Simba na Yanga, mkeka wa mechi kumi hurudisha kwa wastani shilingi 45 katika kila 100, kabla ya kodi.