Shibe Bila Utulivu

Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, magharibi ya Tanzania, walilima hata njaa ikawaondokea, wakauza mahindi na tumbaku, na watoto wao wakazaliwa wasijue nchi nyingine. Walakini raha ya nafsi, ambayo ghala lililojaa haliwezi kuidhamini, haikuwajia. Walipoomba uraia iliwalazimu kuukana ule wa Burundi, kisha, maombi yakiisha kukubaliwa, vyeti vikakawia hadi 2014, nao wakabaki si wa huku wala wa kule. Tena serikali ilikuwa imewataka wahamie mikoa mingine (shauri lililoachwa baadaye), basi nani angethubutu kujenga nyumba ya matofali, au kupanda mwembe?