Je, Wajua? Watoto Wenye Usonji Nao Huzeeka

Je, wajua kwamba mtoto namba moja katika ripoti maarufu ya usonji ya 1943 alifariki 2023, akiwa mzee wa miaka 89? Ni Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, Marekani. Alifanya kazi benki, akacheza gofu, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, na nchi za watu akazitembea haswa.

Je, wajua alilelewa wapi kwa miaka kadhaa? Shambani, kwa mkulima mmoja na mkewe. Donald alikuwa na mtindo wa kuhesabu mistari ya mahindi. Akimaliza, anaanza upya. Wenyeji wake hawakumgombeza. Walimpa farasi na plau, ahesabu huku analima. Daktari Leo Kanner, mwandishi wa ripoti ile, alipomtembelea alimkuta akimgeuza farasi mwisho wa mstari bila taabu. Kupima vitu nako alikupenda mno, basi wakamchimbisha kisima, kisha awaambie kina chake.

Je, wajua kwamba 1971 Kanner aliwatafuta tena watoto wote 11 wa ripoti ile? Waliowekwa katika hospitali za serikali walikuwa wamefifia. Aliona kulazwa humo ni sawa na kifungo cha maisha. Ripoti ya 1943 hutajwa kila mahali, ila mimi ningeanza na hii ya 1971.

Je, wajua shule ikiisha hutokea nini? Utafiti wa Wisconsin na Massachusetts, ulioanza 1998 na familia 406, ulionyesha kuwa vijana wenye usonji waliokuwa wakipiga hatua walipunguza mwendo baada ya kumaliza sekondari.

Je, wajua kuhusu dai kwamba wenye usonji huishi "miaka 16 pungufu"? Lilitoka Sweden, 2016. Litazame kwa jicho kali: wazee wengi wenye usonji hawakuwahi kutambuliwa, hivyo hawakuhesabiwa. Makadirio ya Uingereza ya 2023, kwa wasio na ulemavu wa akili, yanataja pengo la takriban miaka 6.

Je, wajua maisha mema hupimwaje? Zamani watafiti waliuliza: ana kazi? Ameoa? Anaishi peke yake? Watafiti wa Newcastle, wakishirikiana na watu wazima wenye usonji, waliongeza maswali 9 kwenye dodoso la Shirika la Afya Duniani. Mojawapo: je, umeridhika kuwa usonji ni sehemu yako?