Vitu vya Kale Nyumbani na Maneno Yanayofuatana Navyo

Jomvu Kuu ni mji wa kale wa Waswahili, bara ya Mombasa, kando ya hori. Wenyeji wake, Wajomvu, ni mojawapo ya zile kabila ziitwazo Tisa Taifa, na tangu zamani walifanya biashara na majirani zao wa Rabai. Pembe, sandarusi na nafaka ziliteremka kutoka bara. Nguo, shanga na vyombo vilipanda kutoka pwani. Katika mji wa namna hii si ajabu kukuta chumbani mwa bibi mzee sanduku lenye misumari ya shaba lililotoka Bara Hindi, au kikuku cha fedha, au sahani ya Kichina, au msahafu ulioandikwa kwa mkono.

Mara nyingi kijana wa nyumba hiyo huona sanduku kuukuu tu lenye harufu ya karafuu. Bibi yake huona zaidi. Ajua ni nani aliyelileta, kwa chombo gani, liliingia nyumbani kwa ajili ya harusi ya nani, na kwa nini bawaba moja imevunjika. Bibi akifa kabla ya kuulizwa, sanduku husalia, lakini hayo mengine yote huzikwa pamoja naye.

Ili msomaji afahamu thamani ya maneno hayo, na atazame siwa ya Pate, ile baragumu ya pembe yenye urefu upatao mita mbili, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Yasimuliwa katika habari za Pate kwamba bibi mmoja wa jamaa ya kifalme, Mwana Darini, alitaka kumtahiri mwanawe kwa heshima, akanyimwa siwa ya wafalme. Hakulalamika. Alimwita fundi akamwagiza amchongee siwa nyingine kwa siri, nzuri kuliko ile aliyonyimwa. Mtu asiyejua habari hii ataisifu kazi ya fundi, kisha apite. Aijuaye husimama mbele yake akamfikiria mama mjane na ghadhabu yake.

Hatari inayovikabili vitu vya nyumbani si mchwa peke yake. Kubwa zaidi ni mgawanyo wa mirathi. Sanduku haligawanyiki. Warithi wakiwa sita, na hakuna awezaye kuwalipa wenzake mafungu yao, hapana budi liuzwe, na mnunuzi hulichukua sanduku bila ya habari zake. Wazee wengine hudhani wasia watosha kumwachia binti kikuku cha nyanya yake. Katika sheria ya Kiislamu wasia haupiti theluthi ya mali, wala haumpi mrithi kitu ila warithi wengine wakiridhia. Atakaye kitu kimfikie mtu fulani ni afadhali ampe kwa hiba angali hai na mwenye afya, amkabidhi mkononi, mbele ya mashahidi. Palipo na shaka, Kadhi aulizwe mapema, wala isingojewe siku ya ugomvi.

Tena kuna wanunuzi wapitao mlango kwa mlango. Yafaa watu wajue kwamba Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yavilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na pia milango na miimo ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946. Kuviweka nyumbani si kosa. Lakini kuvitoa nje ya nchi bila ya kibali ni kosa, na afanyaye biashara ya vitu hivyo sharti awe na leseni. Basi mgeni akija kuulizia mlango wa babu yako, mwulize kwanza leseni yake. Wengi wataaga upesi! Vitabu na hati havimo katika maana hiyo ya vitu vya kale, kwa hiyo mwenye msahafu au barua za zamani azidi kuwa macho.

Kuandika maneno ya wazee si kazi ngumu. Daftari moja latosha, na mwenye simu aweza kuinasa sauti. Mzee aulizwe jina la kitu, aliyekileta, aliyempa, na sababu ya kumpa. Ndugu wawili wakisimulia mambo mbalimbali, yaandikwe yote mawili bila ya kuamua nani mkweli. Yaandikwe pia kama yalivyosemwa. Sisi tufanyao kazi ya kufasiri tuna tabia ya kunyoosha kila neno liwe Kiswahili cha shule; hapa tabia hiyo ni uharibifu. Ikiwa mzee amesema Kijomvu, na kiandikwe Kijomvu, kwani huenda jina la kufuli au la mkufu lisipatikane penginepo.

Kitu kipigwe picha, na nyuma ya picha yaandikwe majina na mwaka. Nakala moja ya maneno iwekwe ndani ya sanduku lenyewe, na ya pili ikae kwa jamaa wa nyumba nyingine, ili sanduku likiuzwa au likiungua, maneno yasipotee nalo.